Mnanaa wangu unanuka nyasi kavu

SWALI: Shikamoo Bibi. Nilivuna mnanaa wangu adhuhuri, ukiwa umeshachanua wote, nikauanika juu ya bati kwa siku mbili. Umekauka hadi unavunjika, lakini nikiutia kwenye maji ya moto nanusa nyasi tu. Kaka yangu anasema jua halina kosa: mafuta ya mimea huchemka kwenye nyuzi zaidi ya 170, na karafuu nayo huanikwa juani ikabaki na ukali wake. Nimekosea wapi?
Mwenye Bustani

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Nianze na kaka yako, maana hoja yake ina uzito. Ndani ya mafuta ya kunukia ya mimea, limonini huchemka kwenye nyuzi 176 na mentoli, ile inayopoza ulimi, kwenye 212, hapo hakukosea. Lakini nguo iliyo kambani hukauka bila maji yake kuchemka hata mara moja. Mafuta ya kunukia nayo ni vivyo hivyo: huondoka kidogo kidogo, na joto likizidi hukimbia. Ile harufu tamu uliyoisikia ukipita karibu na bati lako ndiyo mafuta yenyewe yakikuaga. Chumba changu cha kukaushia kikinukia kupita kiasi, huwa naingia kutafuta kosa.

Sasa chuma jani bichi la mnanaa, ligeuze, ulitazame kwa kioo cha kukuzia. Utaona vitone vinavyong'aa kama jasho la puani. Hivyo ni vifuko vya mafuta, navyo vimekaa nje, juu ya ngozi ya jani, vimefunikwa kwa utando mwembamba tu. Lifikiche jani, libane guniani au lilaze kwenye bati la moto, utando unapasuka na mali imekwenda. Mrehani na rozimeri ni ndugu zake, nazo zimeumbwa hivyo. Karafuu sivyo. Vifuko vyake vimezama ndani ya nyama ya tumba, halafu ni tajiri: karafuu kavu nzuri hubeba mafuta 15 kwa 100 au zaidi, wakati jani kavu la mnanaa likifikisha 2 ni la kujivunia. Karafuu ikipoteza kidogo juani hutambui. Mnanaa ukipoteza kiasi hicho hicho, umebaki na nyasi.

Kuhusu maua, ulichelewa. Katika ule mnanaa mkali unaopoza ulimi, mafuta ya majani machanga yana mentoni nyingi, ambayo hugeuka mentoli kadiri jani linavyokomaa. Ukivuna mapema mno hupati ule ubaridi. Ukingoja tuta zima lichanue, majani ya chini yameshaanza kupukutika, na maua yanaleta mentofurani, ambayo ladha yake siipendi hata kidogo. Mimi hukata maua ya kwanza yakichungulia tu, asubuhi, umande ukishakauka na jua likiwa bado pole. (Wachumaji wa waridi hawangoji hata hapo. Huwa bustanini tangu alfajiri.)

Ukishakata, tandaza kivulini penye upepo, tabaka moja, juu ya wavu, majani yakiwa bado kwenye matawi yake. Kama una kikaushio cha umeme, nisisikie umepita nyuzi 40. Lakini usije ukaogopa joto hadi ukazembea. Mwaka mmoja nilirudi nimechoka, nikaacha kapu la mrehani limeshindiliwa usiku kucha. Asubuhi nilipotia mkono katikati nilikuta moto kama chini ya kuku anayeatamia, majani yamekuwa meusi, na harufu ni ya kuvunda. Jani lililokatwa bado linapumua, na kupumua huko kunatoa joto. Yakirundikwa, yanapikana yenyewe kwa yenyewe.

Shina likivunjika kwa mlio badala ya kupinda, pukutisha majani, uyatie mazima kwenye chupa inayofunga vizuri, uiweke gizani. Kuyafikicha ni siku ya kuyatumia, si kabla.

Huo wa kwenye bati kautandaze chini ya miche, utazuia udongo usikauke. Mizizi kama iko hai, mnanaa utachipua tena baada ya wiki chache. Safari hii mwamshe na kaka yako mapema, aje ashike kapu.