Roho juu bila sababu: maswali yenu kuhusu wasiwasi

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja. Kila mmoja ana lake linalomkosesha raha, lakini nikizisoma pamoja naona mnafanana kuliko mnavyodhani. Zilizokaribiana sana nimezijibu kwa pamoja.

Shikamoo mama. Kila usiku naamka saa nane. Nikishafumbua macho mambo yote yananijia: deni, kazi, afya ya baba, neno nililomwambia mwenzangu juzi. Nagaagaa kitandani mpaka alfajiri. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Kuzinduka katikati ya usiku peke yake si ugonjwa. Usingizi wa mtu mzima huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na baina ya mzunguko na mzunguko watu wengi huzinduka kidogo, wakageuka, wakalala tena wasikumbuke lolote asubuhi. Wewe ukizinduka unakuta mawazo yameshaketi yanakungoja. Na usiku kila jambo huvimba, kwa sababu umechoka, uko gizani, na katika yote uliyoyataja hakuna hata moja unaloweza kulifanyia kazi saa ile. Aliyekukopesha amelala. Mwenzako amelala.

Kwa hiyo usijaribu kuyafukuza mawazo hayo. Yape miadi. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani Thomas Borkovec na wenzake walichapisha utafiti ambao watu wenye wasiwasi mwingi walitengewa nusu saa kila siku, mahali palepale na saa ileile, ya kuwaza tu. Wasiwasi ukija nje ya saa hiyo, kazi yao ilikuwa kuutambua na kuuahirisha. Muda waliokuwa wakiupoteza kwa wasiwasi ulipungua.

Chagua saa yako, tuseme saa kumi na moja jioni, mbali na kitanda. Keti na karatasi, andika kila kinachokusumbua, kisha jiulize juu ya kila kimoja: je, hapa pana la kufanya? Kama lipo, andika hatua moja ndogo na siku ya kuifanya. Kuhusu deni, hatua inaweza kuwa kumpigia aliyekukopesha kesho asubuhi mkapange upya malipo. Kama halipo, liandike hivyohivyo, liache hapo. Ukiamka saa nane, chukua karatasi, andika neno moja tu, "deni", na ujiambie: saa kumi na moja. Ukiona kama dakika ishirini zimepita na usingizi haurudi, ondoka kitandani, kaa kwenye mwanga hafifu ufanye jambo tulivu mpaka macho yawe mazito. Saa ya ukutani usiitazame. Kitanda kisigeuke baraza la mawazo.

Wiki ya kwanza utahisi unajidanganya. Endelea tu. Utaanza kuona kwamba ikifika jioni, mengi yaliyokuamsha yamekwisha kupoa.

Nina miaka 34. Miezi miwili iliyopita nikiwa ndani ya basi moyo ulianza kwenda mbio ghafla, mikono ikafa ganzi, pumzi ikakatika, nikajua nakufa. Hospitalini walinipima moyo na damu wakasema mzima. Imenitokea mara tatu tena. Sasa sipandi basi, natembea saa nzima kwenda kazini. Je, madaktari wamekosea?

Ndugu yangu, hukubuni. Moyo ulikwenda mbio kweli na mikono ilikufa ganzi kweli. Kilichokosewa ni maana uliyoipa hali hiyo.

Mwili una king'ora cha hatari. Mwanafiziolojia Walter Cannon alieleza tangu mwaka 1915 jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia: tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo unaongeza kasi ili damu ifike kwenye misuli, pumzi zinakuwa za harakaharaka. Ungekuwa unamkimbia mnyama mkali usingeona ajabu yoyote. Lakini umekaa kwenye kiti. Kuhema kupita kiasi kunapunguza kabonidioksidi kwenye damu, na hilo ndilo linaloleta ganzi na kizunguzungu. Wewe unaisoma ganzi hiyo kama kifo, hofu inapanda, adrenalini inaongezeka, moyo unazidi. Mduara huo ndio wataalamu wanauita shambulio la hofu. Kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha huanza kushuka lenyewe, ufanye jambo usifanye.

Likija tena, baki ulipo. Vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita, na uendelee kwa dakika chache. Usiipiganie hali hiyo iishe upesi. Jiambie tu: hiki ni king'ora, kinalia, kitanyamaza.

Linalonitia hofu zaidi katika barua yako ni kule kutembea saa nzima. Kila siku unapofika kazini salama kwa miguu, akili inaandika kwamba umepona kwa sababu hukupanda basi. Leo ni basi. Kesho itakuwa lifti, kisha foleni, kisha ukumbi wenye watu wengi, mpaka dunia yako ibaki chumba kimoja. Nimewaona watu waliofika huko, na hakuna hata mmoja aliyekusudia. Rudi kidogokidogo: siku mbili tatu simama kituoni tu, basi lije, liondoke. Kisha panda kituo kimoja. Kisha viwili. Kila hatua irudie mpaka ikuchoshe, na usishuke hofu ikiwa kileleni, subiri ipungue ukiwa ndani. Kama utampata mwanasaikolojia wa kukushika mkono katika kazi hii, itakwenda upesi zaidi.

Tahadhari moja kwa wengine wanaosoma hapa: huyu amekwisha kupimwa. Maumivu ya kifua yanayokuja kwa mara ya kwanza, yanayozidi unapofanya kazi nzito, au yanayosambaa hadi mkono au taya, pamoja na kuzimia, ni ya kukimbizwa hospitali. Usiyaite wasiwasi kabla daktari hajayaita hivyo.

Kila mtu ananiambia "usiwaze sana". Mbona siwezi?

Kwa sababu hakuna anayeweza. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaomba wanafunzi wakae dakika tano bila kumfikiria dubu mweupe, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zililia. Tena walipoambiwa baadaye kwamba sasa wako huru kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wenzao ambao hawakuwa wamekatazwa. Wazo linalokatazwa lazima lichungwe, na huwezi kulichunga bila kulitazama. Wanaokuambia hivyo wanakupenda, wapokee. Lakini wewe usijiambie hivyo. Sema, "Naam, nimeliona wazo hili," kisha urudi kwenye kazi iliyo mikononi mwako. Likirudi mara mia, nawe rudi mara mia.

Binti yangu ameanza kuishi peke yake mji mwingine. Nampigia mara nane, tisa kwa siku. Akipokea napata nafuu ya kama robo saa, kisha naanza tena: je, amefunga mlango? Je, amefika? Asipopokea natetemeka. Juzi aliniambia, "Mama, unanichosha." Nililia.

Dada yangu, nami ni mama. Neno hilo linauma, na naamini binti yako hakukusudia kukuumiza.

Isome tena barua yako hapo uliposema nafuu ni ya robo saa. Jibu limo humo. Ungekuwa unatafuta habari, simu moja ingetosha: amefika, mlango umefungwa, basi. Unachokitafuta ni uhakika kwamba hakuna baya litakalompata, na huo binti yako hana wa kukupa, hata akipokea mara hamsini. Hakuna mzazi aliyewahi kuupata. Kwa hiyo kila simu inakutuliza kidogo na papo hapo inaufundisha moyo wako kwamba bila simu hautulii. Ndiyo maana zimefika tisa. Mwanzoni hazikuwa tisa, sivyo?

Kaa naye mzungumze, mkubaliane saa moja ya kupigiana, jioni labda, na iwe ya mazungumzo kweli: umecheka na nani, umejifunza nini. Si ya ukaguzi. Mchana mkono ukienda kwenye simu, usijikataze kabisa, chelewesha tu. Dakika kumi leo, wiki ijayo ishirini. Utatetemeka. Mtetemeko huo hauna budi upande na ushuke wenyewe angalau mara chache, ili mwili uone kwamba hushuka hata bila sauti ya binti.

Jambo la pili, shika daftari. Asubuhi andika unachohofia kitatokea siku hiyo, bila kuzungukazunguka: "Leo hatafunga mlango, ataibiwa." Usiku andika kilichotokea. Mwaka 2020 watafiti wawili wa Marekani, Lucas LaFreniere na Michelle Newman, waliwafanyisha zoezi la namna hii watu wenye ugonjwa wa wasiwasi, na takriban asilimia 91 ya waliyoyahofia hayakutokea. Walikuwa watu 29 tu, kwa hiyo tusiifanye sheria. Lakini ninachokitaka si hesabu yao, ni hesabu yako mwenyewe, kwa mwandiko wako, ya mwezi mzima.

Na mpigie leo jioni umwambie, "Nimekusikia." Hilo litamfika.

Je, kahawa inachangia?

Ndiyo, tena kwa wengine sana. Kafeini inaongeza mapigo ya moyo na kuitetemesha mikono, dalili zilezile za wasiwasi, na mtu mwenye roho juu akizihisi hudhani hatari imefika. Inakaa mwilini muda mrefu pia: kwa kawaida nusu ya uliyokunywa bado ipo baada ya saa tano hivi, kwa hiyo kikombe cha saa kumi jioni bado kinafanya kazi saa tatu usiku. Chai ya rangi na vinywaji vya kuongeza nguvu vihesabu humohumo. Punguza taratibu, maana ukiacha ghafla kichwa kitakuuma siku kadhaa. Na anayetumia pombe kujituliza ajue kwamba inaposhuka mwilini usiku hukata usingizi, na asubuhi wasiwasi huamka ukiwa mkubwa kuliko ulivyolala.

Nimeambiwa wasiwasi ni upungufu wa imani. Naswali sana lakini moyo hautulii, na sasa nahofia hata imani yangu.

Pole sana. Umebebeshwa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. King'ora nilichokieleza hapo juu kimo katika kila mwili, wa mcha Mungu na wa asiyesali kabisa, na kuna miili ambayo kwa kuzaliwa au kwa yaliyoipata king'ora chake ni chepesi kulia. Mtu mwenye pumu haambiwi kwamba imani yake ni haba. Endelea na sala zako, zina faraja ambayo mimi siwezi kukupa. Lakini ukigundua unaanza kurudia sala ileile mara kumi kwa hofu kwamba hukuitamka sawasawa, huo ni wasiwasi umevaa kanzu ya ibada. Zungumza na kiongozi wa dini mwenye upole, na pia na mtaalamu wa afya ya akili. Huna haja ya kuchagua mmoja.

Nitajuaje kwamba huu wangu umevuka mpaka, nimwone daktari?

Mpaka ni maisha yako. Je, unakula, unalala, unafanya kazi, unakaa vizuri na watu? Madaktari huzungumzia ugonjwa wa wasiwasi wa jumla pale mtu anapohangaika kupita kiasi karibu kila siku kwa miezi 6 au zaidi, hawezi kujizuia, na ana mambo kama uchovu, misuli kukaza, hasira za haraka, usingizi mbovu na akili isiyotulia. Usingoje miezi sita itimie ikiwa umekwisha kuelemewa. Huenda ukapewa dodoso la maswali saba liitwalo GAD-7, lililochapishwa mwaka 2006. Alama zake huanzia 0 hadi 21, na kuanzia 10 kwa kawaida mtu huchunguzwa zaidi. Mwombe daktari aangalie pia tezi ya shingo, maana ikizidisha kazi huleta moyo kwenda mbio na mitetemeko inayofanana kabisa na wasiwasi.

Tiba ipo, na kwa watu wengi inafaa. Tiba ya mazungumzo inayobadili namna ya kufikiri na kutenda ina ushahidi mwingi. Zipo dawa za kila siku ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake, usizikatishe katikati kwa kuwa siku ya tano hujaona kitu. Vidonge vya kutuliza papo hapo ni habari nyingine: vingine vinamfanya mtu ashindwe kuviacha ndani ya wiki chache, kwa hiyo usikubali kugawiwa na jirani.

Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, usisubiri miadi. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, na muende pamoja hospitali iliyo karibu.

Mke wangu ndiye mwenye wasiwasi. Nikimtuliza haisaidii, nikinyamaza anasema simjali. Nimwambie nini?

Anza kwa kuuliza badala ya kutuliza. "Unataka tutafute la kufanya, au unataka nikusikilize tu?" Akichagua la pili, sikiliza, shika mkono wake, usimpe suluhisho hata kama unalo mdomoni. Akikuuliza kwa mara ya nne swali lilelile, "Una hakika mtoto si mgonjwa?", usijibu kwa mara ya nne wala usimkaripie. Sema, "Naona hofu imekushika tena. Niko hapa." Mwambie jambo hili mapema, mkiwa mmetulia, ili siku hiyo asidhani umemtupa. Halafu mwalike mtembee nje kidogo, nusu saa, simu mziache ndani.