Mkuu, kabla ya kipimo kingine mwaga dawa zako zote mezani

Pole sana mkuu. Umesema miaka mitatu tumbo linajaa gesi, mgongo na mabega vinauma, vipimo vinarudi safi, nyumbani wameanza kunong'ona kuwa umetupiwa kitu, na umeuliza kuhusu ile dawa ya kienyeji ya chupa. Mimi hali hiyo niliibeba miaka minne. Si daktari, nakupa yaliyonikuta.

Kila nikiingia maabara ya mtaani nilitoka na taifodi. Mara tano ndani ya mwaka! Baadaye ndiyo nikaelewa kuwa kile kipimo cha Widal kinatafuta kingamwili, na hizo zinaweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya kupona, au kuletwa na maambukizi mengine. Taifodi yenyewe inathibitishwa kwa kuotesha damu, yaani kuiweka maabara kuona kama bakteria wake wanakua. Nimemeza sipro, antibiotiki ya taifodi, mpaka tumbo likavurugika zaidi.

Aliyenitoa huko ni daktari mmoja, mama wa makamo. Siku ya kwanza hakunipima chochote. "Baba, kesho niletee dawa zote zilizopo nyumbani, hata ulizoacha." Nikaenda na mfuko. Akaumwaga mezani, akavaa miwani, akawa anageuza pakiti moja moja kusoma maandishi madogo ya nyuma. Dawa ya mgongo kutoka duka la jirani, ya viungo niliyopewa na shemeji, na vidonge vya "mwili mzima". Zote tatu diklofenaki, zimepishana rangi tu.

"Unameza umekula?"

Nilikuwa nashushia na chai ya rangi, alfajiri, tumbo tupu.

Dawa hizo zinatuliza maumivu kwa kuzuia kemikali ambazo pia zinalinda ukuta wa tumbo. Basi mwili ukiuma naliunguza tumbo, tumbo likiuma silali, nisipolala naamka mwili umepondeka, nameza tena.

Nikapitishwa kamera kooni. Ni dakika chache, inakera kuliko kuuma. Wakaona kidonda kidogo na bakteria wa H. pylori, wale wanaoleta vidonda vya tumbo. (Wanaosema vidonda ni mawazo tu: Barry Marshall, daktari wa Australia, aliwanywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984, tumbo lake likapata uvimbe. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa tuzo ya Nobel.) Dawa ni siku 14, omeprazo (ya kupunguza asidi tumboni) na antibiotiki mbili, asubuhi na jioni, na mdomo unakuwa kama umelamba sarafu. Usikatishe siku ya sita kisa umepata nafuu. Ukirudia kupima, pima choo, wiki nne au zaidi baada ya kumaliza antibiotiki, na omeprazo uwe umeiacha wiki mbili. Kipimo cha damu kinaweza kukwambia unao hata kama walishakufa.

Kidonda kilipona. Gesi na maumivu havikuisha vyote, sitakudanganya. Mama yule akasema utumbo wangu sasa hauna jeraha ila mishipa yake ya fahamu inashtuka upesi, na hakuna picha inayoonyesha hilo. Akaniandikia amitriptilini, dozi ndogo ya usiku. Kusoma karatasi yake nikakuta ni dawa ya sonona, nikanuna wiki nzima nikidhani ananiona chizi. Nilipokubali, kwenye wiki ya tatu nikalala mpaka asubuhi.

Chakula nilikijua kwa daftari. Nilitoa kitu kimoja kwa wiki mbili, nikarudisha, nikatoa kingine. Maharage niliyasingizia bure: yakilowekwa usiku na maji yake kumwagwa, sahani ndogo haina neno. Mbaya wangu alikuwa maziwa.

Ila ukiona choo cheusi kama lami, unatapika damu, unakonda bila sababu au chakula kinakwama kooni, achana na uzi huu, nenda hospitali leo hii.

Na ile dawa ya chupa uliyouliza, nami nilikuwa nayo mfukoni siku ile. Daktari aliiacha ya mwisho, akafungua, akanusa.

"Hii ni nini?"

"Mizizi."

"Mizizi ya nini?"

Nikabaki naangalia kizibo.