Kwa mnaoanza kutunza nyumba za mawe kwa modeli

Kila kundi jipya la wahandisi linalokuja Mji Mkongwe wa Zanzibar hurudia kosa lile lile, nami kwa kuwa nawapenda, na pia nimechoka kulisahihisha, naliandika hapa. Mnapokea wingu la nukta, yaani vipimo vingi vya sura ya jengo, kutoka kwenye skana ya leza, mnachora ukuta vizuri kabisa kwenye modeli, yaani mfano wa jengo ndani ya kompyuta, kisha kwenye nafasi ya aina ya malighafi mnaacha neno "zege" lililowekwa na programu. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa si zege, na modeli isiyolijua hilo itawapangia matengenezo ya kuubomoa.

1. Andikeni kila tabaka peke yake: jiwe, chokaa ya kuungia, lipu, rangi.

2. Msikubali muda wa matengenezo unaopendekezwa na programu. Katika nyumba moja, timu yetu iliruhusu modeli ihesabu lipu yote kuwa ya saruji, na jedwali likaelekeza kwamba sehemu zilizobanduka chini ya ukuta zizibwe kwa saruji. Kiangazi chote ukuta ulipendeza. Masika yalipopita, unyevu uliokuwa ukipanda kutoka ardhini ulikosa pa kutokea, ukapanda zaidi nyuma ya lipu hiyo. Fundi mzee aliingiza ncha ya mwiko kwenye ufa, na lipu ikang'oka kipande kipana, kigumu, kisicho na kasoro. Nyuma yake chokaa ya zamani ilikuwa imegeuka uji. Kisha akapanda ngazi, akagonga boriti mahali inapoingia ukutani, na mlio ukawa mzito, wa mti uliooza. Programu ilikuwa imehesabu sawasawa. Tulichoiambia ndicho hakikuwa kweli. Lipu ya chokaa hupitisha mvuke na kubeba chumvi, ikachakaa yenyewe ili jiwe libaki, kwa hiyo kubanduka kwake si hitilafu ya kuzibwa bali ni kazi ya kawaida inayostahili kupangwa mara kwa mara.

3. Kalenda ifuate mvua: paa na mifereji vikaguliwe kabla ya masika ya Machi na kabla ya vuli ya Oktoba. Chokaa hukomaa polepole kwa kunyonya hewa ya ukaa na hupasuka ikikaushwa na jua kali, hivyo wekeni pia siku za kuifunika kwa magunia yaliyoloweshwa maji.

4. Kila boriti ipewe namba, na ncha zake mbili ziandikwe kila moja peke yake, kwa sababu uozo huanzia ndani ya ukuta. Boriti hizi ni miti ya mikoko, na mikoko si ya kukatwa ovyo. Boriti huwa rafiki wa mazingira pale tu inapotunzwa ikadumu.

5. Skana huona sura ya nje. Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati ukarabati ukiendelea, na tangu hapo sikubali modeli yoyote isiyo na vipimo vya unyevu wa ndani ya kuta pamoja na tarehe zake.

6. Hifadhini nakala ya modeli kwa IFC, muundo wa faili ulio wazi unaosomwa na programu mbalimbali, kwa maana programu hubadilika. Na fundi akikuta jambo, liingizwe siku hiyo hiyo, kwa picha na namba ya ukuta, kabla hajalifunika kwa lipu mpya.