Kashinda Mnada, Kaingia Mitini: Umwandikie Nini?

Dada mmoja wa Majengo, Moshi, ananadi mitumba kwenye grupu la WhatsApp. Mzigo anauchagua kwenye masoko ya Memorial na Kiboriloni. Ameandika kwa hasira. Mteja alishinda koti la ngozi kwa 45,000, akazima simu. Dada akamwanika grupuni: picha yake, namba yake, na neno TAPELI kwa herufi kubwa. Mteja akaibuka siku hiyo hiyo akisema koti lina tundu na muuzaji ni mwongo, na watu wakaanza kumwamini. Ajibu nini?

Ajibu mara moja, kwa tarehe na saa, halafu anyamaze. Kabla ya hapo afute ile picha na ile namba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Aliyekimbia koti lako asije akawa yeye ndiye mlalamikaji, wewe mlalamikiwa.

"Tapeli" ni tuhuma ya jinai na utatakiwa kuithibitisha. "Hakulipa" ni jambo lililotokea, na ushahidi wake uko kwenye simu yako. Maoni mabaya juu ya mnunuzi kazi yake ni moja: kumsaidia muuzaji mwingine aamue kama amkubalie dau au la. Yanatosha yakiwa hivi:

"Loti 14, koti la ngozi, dau 45,000. Mnada ulifungwa Jumamosi saa 3:00 usiku. Mwisho wa malipo Jumapili saa 6:00 mchana. Alikumbushwa mara mbili. Hakulipa, hakutoa taarifa."

Hakuna sifa hapo, hakuna methali, hakuna "Mungu anakuona". Mteja akidai tundu, unaongeza sentensi moja tu: picha nne za koti ziliwekwa kabla ya mnada na hakuna aliyeuliza. Ukijibu mara ya pili umeshaingia kwenye ugomvi, na msomaji wa ugomvi hasomi tarehe.

Hayo maneno mawili ya mwisho, "hakutoa taarifa", yana uzito kuliko yote. Yupo anayeshinda kisha anasema: ndugu, nimepata msiba, mpe mwingine. Huyo andika "alijiondoa kwa taarifa" na umwachie nafasi ya kurudi. Anayeingia mitini ni mtu wa namna nyingine, na ukiwaandika wote wawili sawasawa orodha yako ya wasiolipa haimsaidii mtu. Akilipa baadaye, usifute rekodi. Ongeza "amelipa" na tarehe. Rekodi ya zaidi ya mwaka itoe. Na ikae ndani ya grupu kwa jina analotumia humo, isisambazwe kwenye makundi mengine ya Arusha na Moshi kama tangazo la msako.

Usiandike chochote kabla ya muda kwisha. Wakala anaweza kukosa salio, mtandao wa simu ukalala, mtu akafikia kikomo cha miamala ya siku. Ukumbusho wa kwanza asubuhi ya siku ya malipo, wa pili saa moja kabla ya mwisho, yote faragha. Mteja wa Sakina aliyesahau atalipa kwa ule wa kwanza. Ukimkumbusha mbele ya watu 300 atalipa na hatarudi tena. Akikutumia meseji ya muamala, usiitazame hiyo meseji. Ingia kwenye menyu, *150*00# kwa M-Pesa, uone salio limeongezeka. Meseji za kughushi zimepeleka mizigo mingi stendi bila senti kuingia.

Wanaouza eBay, soko la minada la mtandaoni, kanuni zao ni nyingine. Mfumo wa maoni wa eBay ulianza 1996, na wauzaji na wanunuzi wakawa wanapigana humo: ukinipa hasi, nami nakurudishia hasi. Mwaka 2008 muuzaji akanyimwa kabisa uwezo wa kumpa mnunuzi maoni hasi. Usijaribu kuandika lawama ndani ya maoni chanya, ni kosa kwao. Njia iliyobaki ina nguvu zaidi: subiri siku 4 kamili, kisha futa oda ukichagua sababu kwamba mnunuzi hakulipa. Sababu hiyo ndiyo inayobaki kwenye akaunti yake, na maoni mabaya aliyokuandikia kwa oda hiyo huondolewa. Wengi wanakosea hapa. Ukichagua "bidhaa imeisha" doa linakuja kwako. Ukichagua "mnunuzi ameomba kufuta" yeye anabaki msafi kama theluji ya Kibo. Halafu kwenye mipangilio ya wanunuzi zuia waliofutiwa oda 2 kwa kutolipa ndani ya miezi 12.

Turudi grupuni, kwa mtu anayesahaulika: aliyeshika nafasi ya pili. Tuseme madau yalikwenda hivi: Neema 25,000, Juma 30,000, mteja hewa 35,000, Juma 40,000, mteja hewa 45,000. Mteja hewa katoweka. Wauzaji wengi wanamfuata Juma na kumwambia alipe 40,000, kwa kuwa alitamka mwenyewe. Alitamka, ndiyo, lakini akisukumwa na dau la mtu asiyekuwa na hela. Mtoe mteja hewa kwenye hesabu, na Juma alikuwa akishindana na Neema tu. Bei yake ni 30,000. Muuzie hiyo. Unaachia 10,000, na unaua swali ambalo kila mtu grupuni analiuliza kimoyomoyo: je, huyo aliyetoroka hakuwa shemeji yako uliyempanga apandishe bei? Ukidai 40,000, hata rekodi yako ya "hakulipa" itasomwa kama mchezo. Na Juma akikataa hata hiyo 30,000, usimwandike, hakushinda mnada.

Kwa vitu vya kuanzia 100,000 kwenda juu, kama simu na kompyuta mpakato, chukua kishika uchumba cha asilimia 10 kabla mtu hajaruhusiwa kutoa dau, na urudishe cha walioshindwa usiku ule ule. Ukichelewesha hadi kesho yake, wewe ndiye utakayeandikwa. Mitumba ya 10,000 haihitaji hayo. Kumdai mtu kishika uchumba cha buku ni usumbufu.

Masharti yawekwe juu ya kila mnada, si mara moja kwa mwaka. Saa ya kufunga iandikwe kwa namna mbili, saa 3:00 usiku na 21:00, kwa sababu kuna ndugu wa nje ya nchi humo. Mpangilio wa meseji unaofuatwa ni wa simu ya admini: mtandao ukisuasua, madau mawili ya dakika moja yanaweza kuonekana kwa mpangilio tofauti kwenye simu tofauti. Dakika ya kufunga piga skrinishoti ya madau yote, maana meseji inaweza kufutwa kwa wote muda mrefu baada ya kutumwa. Tena tangu 2023 WhatsApp inaruhusu kuhariri meseji ndani ya dakika 15, hivyo 45,000 ya saa 2:55 inaweza kuwa 25,000 saa 3:05. Dau lenye alama ya kuhaririwa lihesabiwe batili, hata kama limehaririwa kwenda juu.