Wikiendi huku Kentucky naenda wapi

Mnaniuliza sana, hasa wadogo zangu wa Tanga, wikiendi huku Marekani naburudika wapi, klabu gani, nimeshamwona staa gani live. Ngoja niwaambie ukweli. Nipo Owensboro, mji wa kawaida tu pembeni ya mto Ohio, wiki nzima ni shifti kulala shifti, jirani mnapungiana mkono kila mtu anaingia kwake, hakuna anayekubishia hodi hata ukiumwa, yaani upweke upo na unauma, msidanganyike na picha za theluji.

Klabu siendi. Ijumaa jioni naendesha gari hadi Rosine, kijiji alikozaliwa Bill Monroe mwaka 1911, yule wanayemwita baba wa bluegrass, muziki wa kienyeji wa huku unaopigwa kwa vyombo vya nyuzi, kuna banda la mbao pale watu wanapiga muziki bure kabisa. Bendi ninayoipenda ni ya watu wa hukuhuku, mmoja fundi bomba, wengine wastaafu, na huo muziki hauwalipi cha maana. Fidla (ndiyo violini), benjo (kama gitaa lenye tumbo la ngoma), mandolini (kama gitaa dogo), gitaa na besi lile kubwa la kusimama, basi. Hakuna drums, hakuna kinanda, hakuna gitaa la umeme.

Sasa patamu ni hapa. Mic ni moja tu katikati, wote wameizunguka, zamu yako ikifika unasogea unapiga, ukimaliza unarudi nyuma mwenzako anaingia, kwa hiyo sauti wanaipandisha na kuishusha kwa miguu yao. Wa mandolini anazichapa nyuzi na kuzibana hapohapo, chak! besi inapiga, yeye anajibu chak! ukifumba macho utaapa drums zipo. Wa benjo kavaa vikucha vya kupigia kwenye gumba, shahada na kidole cha kati, staili aliyokuja nayo Earl Scruggs kwenye bendi ya Monroe mwaka 1945, noti zinamwagika hadi unajiuliza wako wangapi. Kuna vijana wanataka kuchomeka umeme, mimi nipo upande wa wazee, ukichomeka umeme ile mbao huisikii tena.

Na siwafichi, mara nyingi mweusi ni mimi peke yangu humo ndani, mwanzoni macho yote kwangu, mpaka babu mmoja akanisogezea kiti akaanza kunieleza kila wimbo. Lakini benjo lenyewe asili yake ni Afrika Magharibi, limeletwa na wenzetu waliouzwa utumwani, na Monroe mwenyewe ujanani alipiga madansi na Arnold Shultz, mtu mweusi wa hukuhuku Kentucky, fundi wa gitaa na fidla, na hakuacha kumtaja.

Ila kinachonishika zaidi ni maneno. Nyimbo nyingi ni za mtu kaacha nyumbani, kaacha mama, yuko mbali anahangaika na kazi, maana watu wa huku Kentucky walihama kwa maelfu kwenda viwandani kaskazini, hata Monroe alifanya kazi kiwanda cha kusafisha mafuta huko Indiana. Wakifika kwenye kiitikio na ile sauti nyembamba ya juu, mimi machozi yananilengalenga, nawaona ninyi.

Mdogo wangu unayekuja kusoma Lexington, huko Wakongo wanaoongea Kiswahili wamejaa, hutapata tabu kama yangu. Ila Ijumaa moja uniachie, nikupeleke Rosine.