Tawi la mwembe juu ya bati
Kaka unayeuliza kama unaweza kukata mwenyewe hilo tawi la mwembe lililolalia bati, hapa Tabora miembe mingine ni ya zamani sana na ndani ishaoza ila nje unaiona nzima tu, kwahiyo kabla hujapanda gonga shina kwa mgongo wa panga, ukisikia linalia kama ngoma usipande, tafuta fundi. Usianze kukata juu, anza chini ya tawi, kama sentimita 30 toka kwenye shina, ingia robo hivi ya unene, ndo uje ukate juu mbele kidogo ya hapo, upande wa nchani, la sivyo linachanika na gome, mi lilishanipiga goti nikachechemea wiki mbili. Kisiki kitakachobaki kata mwisho, ila ule uvimbe pale tawi linapotokea kwenye shina uache, ndo unaoziba kidonda. Chensoo juu ya ngazi hapana, tumia msumeno wa mkono. Waya wa umeme ukiwa karibu usiguse kitu, nenda TANESCO wazime kwanza. Na kamba ya mbuzi sio ya kujifungia kiunoni aisee