Kabla ya kupanga kete, tazama kona ya kulia

Kigoma ni mji wa drafti na bao. Jioni barazani vizibo vya soda vinagongwa kwenye ubao, na Ujiji chini ya mwembe wazee wamezunguka bao hadi adhana ya magharibi. Sataranji, ambayo vijana wengi wanaiita chesi, bado ni mgeni. Kwa hiyo watoto wanaokuja kujifunza kwangu, huku Mwanga, karibu wote wametokea kwenye drafti, na kosa lao la kwanza ni lile lile: ubao wanauweka vyovyote, kisha wanakimbilia kupanga kete.

Kosa hilo limenigharimu, na lilikuwa langu mimi mkubwa. Nilimpeleka mpwa wangu kwenye mechi ya kirafiki ya watoto. Niliukunjua ubao mwenyewe, nikauweka mezani bila kuutazama, nikamwachia apange. Alipanga kama nilivyomfundisha: malkia mweupe kwenye nyumba nyeupe. Mchezo ukaanza vizuri, akala askofu wa mwenzake mapema. Kisha akatoa farasi na askofu wa kulia ili mfalme aende kujificha pembeni, karibu na ngome, ile kete ya kona. Mkono ukabaki hewani. Kati ya mfalme na ngome alikuwa amekaa malkia, ambaye kwa kawaida hukaa upande wa pili. Akautazama ubao, akanitazama mimi.

"Mjomba, mbona malkia yuko huku?"

Mwalimu aliyekuwa mwamuzi alikuja, akaangalia kona ya kulia ya ubao, akakuta nyumba nyeusi. Mchezo ukafutwa, wakaanza upya. Mpwa wangu alikuwa amekwisha tetereka, na ule wa pili akafungwa. Hakulia, lakini njia nzima hakusema neno. Tangu siku ile sifundishi kete kabla ya ubao.

Basi kaa mbele ya ubao, unyooshe mkono wako wa kulia mpaka kwenye kona iliyo karibu nawe. Nyumba ya kona hiyo lazima iwe nyeupe. Ikiwa nyeusi, ugeuze ubao robo mzunguko. Ukiwa sawa kwako utakuwa sawa na kwa mwenzako, kwa sababu naye kona yake ya kulia itakuwa nyeupe.

Kwenye drafti kete zote huanza zikiwa sawa na hutembea kwenye nyumba za rangi moja tu, yaani 32. Kwenye sataranji nyumba zote 64 zina kazi, na kete 16 za kila upande zina vyeo. Watoto nawaambia hili ni jeshi, na sitanii: jina sataranji limetujia kupitia Kiarabu na Kiajemi, na asili yake ni neno la Kihindi cha kale, chaturanga, lenye maana ya viungo vinne. Viungo hivyo ni vya jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Ukilijua hilo, mpangilio unakaa kichwani wenyewe. Magari, ambayo leo ni ngome, yanalinda pembe mbili za mstari wa nyuma. Ndani yake wanafuata farasi wawili, kisha tembo wawili, ambao sisi wengi tunawaita maaskofu. Katikati zinabaki nyumba mbili, za mfalme na malkia. Askari wanane wanajipanga mstari wa mbele, na hao hata mtoto wa miaka mitano hawakosei.

Hizo nyumba mbili za katikati ndizo zinazosumbua. Wengine hufundisha kwamba malkia anakaa kushoto kwa mfalme. Hiyo ni kweli kwa mwenye kete nyeupe tu. Mwenye nyeusi akiifuata, malkia wake atatazamana na mfalme wa mwenzake, na mpangilio wote umeharibika. Mfundishe mtoto kwa rangi: malkia mweupe nyumba nyeupe, malkia mweusi nyumba nyeusi, mfalme anachukua iliyobaki. Ukimaliza, tazama mbele: malkia kwa malkia, mfalme kwa mfalme. Halafu angalia maaskofu wako, mmoja awe kwenye nyeupe na mwingine kwenye nyeusi. Kumbuka tu kwamba rangi inakuokoa pale ambapo ubao umeshawekwa sawa. Mpwa wangu aliifuata rangi bila kukosea, na ubao wangu ndio uliompoteza.

Kwa wasio na seti, msisubiri kununua. Ya kwetu ya kwanza ilikuwa kipande cha plaiwudi, na kete zilikuwa vizibo, upande mmoja vimelala kifudifudi na mwingine chali, kama kwenye drafti. Juu tulibandika karatasi zenye herufi, tukakwama hapo hapo: mfalme na malkia wote ni M, askofu na askari wote ni A. Tukaandika Mf na Ma, askofu tukampa A, na askari tukawaacha bila herufi. Seti za dukani zina tabu yake pia. Nyingi zinafuata umbo la Staunton, lililoanza kuuzwa London mwaka 1849, ambamo mfalme ndiye mrefu kuliko wote na ana msalaba kichwani. Ule msalaba wa plastiki huvunjika haraka, na hapo mtoto anamshika mfalme akidhani ni malkia. Wapime kwa urefu kabla ya kupanga.

Kuna mzee wa bao Ujiji aliyeniuliza kwa nini nahangaika hivi na kupanga. Nikamwambia, "Mzee wangu, kwenye bao la Kiswahili nikianza na kete 5 kwenye nyumba badala ya 6, utakubali?" Akacheka, akasogeza mkeka nikae.

Kanuni za FIDE, chama cha sataranji cha dunia kilichoanzishwa Paris mwaka 1924, zinatenganisha makosa haya. Kwenye mchezo wa muda mrefu, ikigundulika katikati kwamba kete zilipangwa vibaya tangu mwanzo, mchezo unafutwa na kuchezwa mwingine. Ikiwa kosa ni la ubao peke yake, kete zinahamishiwa kwenye ubao uliowekwa sawa, zikae kama zilivyokuwa, na mchezo unaendelea. Kwa mpwa wangu ubao ulikuwa umewabadilishia mfalme na malkia nafasi, ndiyo maana mchezo wake ulifutwa.

Na baada ya mchezo kuanza, kete ikikaa upande usiinyooshe kimya kimya, maana ukiigusa kete yako kwa zamu yako unalazimika kuicheza. Sema kwanza, mwenzako asikie: "Napanga." Kisha iweke katikati ya nyumba yake.